Super VC10 ya Airfix kwa 1/144: kuunga seti ya zamani isiyokaa sawa

East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Tanzania na Uganda, iliruka na Super VC10 tano, ndege za abiria zenye injini nne. Ya kwanza ilipokelewa mwaka 1966; ya mwisho, 5H-MOG ya mwaka 1970, ndiyo iliyofunga hesabu ya VC10 zote 54 zilizotengenezwa Uingereza. Moja, 5X-UVA, iliangukia Addis Ababa mwaka 1972. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza na baadaye zikageuzwa kuwa za kujazia ndege za kijeshi mafuta angani. Mbili kati ya hizo ziliendelea kuruka hadi Septemba 2013.

Anayetaka kuiunga kwa plastiki kwa kipimo cha 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko ndege halisi, anaweza kutafuta seti ya Roden ya Ukraine, ambayo ni ya siku za karibuni zaidi. Ile ya Airfix kalibu yake ilichongwa miaka ya 1960: vipande vichache, na karibu hakuna kinachokutana vizuri na mwenzake. Inaungika, tena ikapendeza, ila puti isipewe kazi ya kujenga. Kwanza punguza kinachozuia vipande visikutane, kisha nafasi inayobaki ijaze kwa plastiki, na puti ije mwisho kabisa kufuta mikwaruzo. Ukianza na puti utapiga msasa hadi umbo la ndege lipotee.

Kagua kabla ya kukata

Seti za umri huu zina magonjwa yanayojirudia. Kingo za kalibu zilikuwa zikilika kadiri zilivyotumika, plastiki ikavuja pembeni na kuacha utando mwembamba kuzunguka vipande. Nusu mbili za kalibu zikisogea kidogo tu, kipande hutoka na ngazi katikati ya unene wake, na magurudumu hutoka si ya duara. Sehemu nene hupoa polepole kuliko nyembamba na hunywea, ndiyo maana unaona vibonde juu ya bawa pale penye vipini, vile vijiti vya kupachikia, kwa ndani. Halafu ongeza miaka ambayo sanduku limelala chini ya masanduku mengine, kwenye stoo ya bati.

Osha fremu zote, yaani vijiti vinavyoshikilia vipande, kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha zikauke. Mafuta ya kalibu yakibaki, rangi itabanduka na tepu. Kisha laza kila bawa na kila nusu ya kiwiliwili juu ya kioo cha dirisha na utazame mwanga unapita wapi chini yake. Kipande kilichopinda kitumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka, nyuzi 70 hadi 80, kwa sekunde 20 hivi. Kikunje taratibu kupita kidogo pale unapotaka, kisha kiingize kwenye maji baridi ukiwa bado umekishika. Rudia mara kadhaa badala ya kulazimisha mara moja, kwa sababu plastiki ya zamani huvunjika bila kutoa onyo.

Ndege halisi ina urefu wa mita 52.3 na upana wa mabawa mita 44.55, yaani milimita 363 na 309 kwa kipimo hiki. Shikanisha vipande vikubwa kwa tepu ya karatasi na upime. Tofauti ya milimita mbili au tatu iache ilivyo. Hakuna atakayeiona, na kuirekebisha kutafungua matatizo mengine manne.

Vya kuwa navyo

Koleo dogo la kukatia, kisu cha wembe wenye ncha, tupa bapa na tupa ya mviringo, msasa wa maji namba 240, 400, 600 na 1000, tepu ya karatasi, vibanio vya nguo. Gundi za aina tatu: ya modeli inayoyeyusha plastiki, supagluu, na araldaiti ya mirija miwili. Shiti za plastiki nyeupe za unene wa milimita 0.25, 0.5 na 1. Kama shiti hazipatikani, kata mifuniko ya vikombe vya maziwa ya mgando iliyoandikwa PS au namba 6 kwenye alama ya pembetatu. Ni polistairini ileile, inashika gundi ileile. Fremu tupu usizitupe. Vipande vyake vidogo vikilowekwa usiku kucha kwenye gundi ya modeli, kwenye kichupa chenye kifuniko, vinatoa uji mzito wa plastiki ambao ndio kijazio bora kuliko vyote kwa nyufa za chini ya milimita moja.

Kiwiliwili

Hapa ndipo kazi inapokwama au kufaulu, kwa hiyo ipe muda wake.

Karatasi ya maelekezo inataka uunganishe nusu mbili kwa kufuata vipini na matundu yake. Vikate vipini vyote. Kwenye seti hii vipini havipangi sawa, vinalazimisha tu nusu moja ikae juu ya nyingine. Baada ya kuvikata, bandika msasa wa 240 kwenye kioo kwa tepu, uuloweshe, na usugue kila nusu kwa mwendo wa duara hadi ukingo wote ung'ae kwa usawa. Mizunguko kumi, tazama, mizunguko mingine mitano. Unaondoa ngazi na utando wala hupunguzi upana, kwa hiyo simama mara tu ukingo unapokuwa bapa.

Sasa amua makosa yaende wapi. Nusu moja huenda ikawa ndefu kuliko nyingine kwa nusu milimita au zaidi, na urefu huo hauwezi kufutika, unaweza tu kuhamishwa. Linganisha pua, kioo cha marubani na mstari wa madirisha ya abiria. Hivi ndivyo vitu ambavyo jicho hukimbilia kwanza. Ziada yote isukume iende mkiani na tumboni, ambako tupa inaingia bila kuharibu kitu.

Ili nusu zisiteleze, kata vibapa vya shiti ya 0.5, ukubwa wa milimita 5 kwa 10, uvigandishe ndani ya ukingo vikichungulia nje milimita 2: kimoja nusu ya kulia, kinachofuata nusu ya kushoto, na kuendelea, kila baada ya sentimita 3. Vikikauka, nusu mbili zitashikana zenyewe kama meno ya zipu.

Gundi usiipake urefu wote kwa mpigo. Anza puani, sentimita 4 tu. Paka kingo zote mbili, hesabu hadi kumi plastiki ilainike, kisha bana hadi utepe mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka utoke kwenye mshono. Utepe huo ndio dalili kwamba hakuna ufa ndani. Funga tepu, ngoja nusu saa, nenda sentimita 4 nyingine. Kwa kila hatua unavuta au kusukuma nusu moja kidogo ili juu pawe sawa. Nusu moja ikiwa imetuna kuliko mwenzake, ibonyeze kwa kidole gundi inaposhika. Ngazi ya milimita 0.3 au chini ya hapo utaimaliza kwa msasa. Ikizidi hapo, usichonge upande wa juu, jenga ule wa chini kwa uji wa plastiki.

Kisha acha. Siku moja haitoshi; wiki ni bora. Gundi hii imeyeyusha plastiki na mvuke wake unaendelea kutoka taratibu, na kadiri unavyotoka mshono unanywea. Ukisugua leo ukapaka rangi kesho, baada ya mwezi utaona mfereji mwembamba umerudi mgongoni mwa ndege yako nyeupe.

Madirisha ya abiria ni uamuzi wa mapema, kabla ya kufunga kiwiliwili. Matundu yakiwa wazi, vioo vya ndani vitakaa kwenye shimo la milimita moja, sawa na sentimita 14 kwenye ndege halisi, na msasa utakula fremu zake. Njia safi ni kuyaziba: gandisha ukanda wa shiti ya 0.5 kwa ndani, dondoshea kila tundu tone la supagluu kwa nje, sugua ndani ya saa moja au mbili, na mwishoni weka madirisha ya dekali, zile picha zinazolowekwa majini na kubandikwa. Supagluu ikiachwa hadi kesho yake inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, msasa unakula plastiki na kuacha vinundu.

Uzito wa pua

Injini nne nyuma na mkia wenye umbo la T maana yake ni modeli itakayokaa kitako. Usikisie. Kabla ya kufunga, shikanisha kila kitu kwa tepu, pamoja na injini na mkia, weka penseli mezani na uilaze ndege juu yake pale hasa magurudumu makuu yatakapokaa. Ning'iniza mfuko wenye chubwi za kuvulia kwenye pua, ukiongeza moja moja, hadi pua ishuke. Pima uzito huo, kisha uhesabu tofauti ya mahali: tuseme gramu 15 zimetosha zikiwa milimita 170 kutoka kwenye penseli, lakini nafasi ya ndani nyuma ya marubani iko milimita 140. Hapo unahitaji 15 mara 170 gawanya kwa 140, zaidi kidogo ya gramu 18. Ongeza theluthi juu yake kwa ajili ya puti na rangi zitakazokuja.

Chubwi za risasi zishikishwe kwa araldaiti, wala si kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi nyeupe ikifungiwa pamoja na risasi huila, risasi inaota unga mweupe na kuvimba, na baada ya miaka kiwiliwili kinapasuka kwenye mshono. Nati za chuma hazina tatizo hilo, ila zinakula nafasi. Nawa mikono baada ya kushika risasi.

Mabawa

Anza na ukingo wa nyuma. Milimita moja ya unene hapo ni sentimita 14 kwenye ndege halisi, na ndicho kinachofanya modeli ya zamani ionekane kama kichezeo. Usichonge kwa nje. Laza kipande cha juu na cha chini, kila kimoja kwa zamu, juu ya msasa wa 240 ule wa kwenye kioo, upande wa ndani ukitazama chini, ukikandamiza zaidi upande wa nyuma. Sugua hadi ukingo ukaribie kupitisha mwanga. Vikiunganishwa, unene utakuwa nusu ya awali.

Mistari ya mabati iliyoinuka ifute yote. Mstari wa milimita 0.2 ni sawa na mbavu ya karibu sentimita 3 kwenye ndege halisi, na hakuna VC10 iliyokuwa nayo. Baadaye uchore upya michache tu: mipaka ya usukani, vipande vya ukingo wa bawa, milango. Ndege za East African zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo mbele upande wa kushoto. Kwa kipimo hiki ni karibu milimita 25 kwa 15. Uchore kwa sindano iliyobanwa kwenye kishikio, ukiongozwa na utepe mgumu wa plastiki unaojigandisha. Pitisha sindano mara tano kwa wepesi kuliko mara moja kwa nguvu. Palipozibwa kwa puti hapachoreki, kingo zinamomonyoka. Kama unajua mstari utapita juu ya ufa, ufa huo ziba kwa supagluu.

Kuhusu ufa wa shina la bawa. Ukiingiza bawa bila gundi utaona linagusa mbele na kuacha wazi nyuma, au linagusa chini na kuacha wazi juu. Kinachozuia mara nyingi ni ulimi wa bawa, ambao ni mnene au mrefu kupita tundu lake. Upunguze kwa tupa hadi bawa liingie kwa kulegea. Kulegea ni heri, kwa sababu sasa wewe ndiye unayeamua pembe, siyo kalibu.

Kabla ya kufikiria kujaza, jaribu kupanua kiwiliwili, jambo la kufanya kipindi kile bado hakijafungwa. Kipande cha fremu kilichokatwa na kuwekwa kwa kukingama ndani, usawa wa mabawa, kinasukuma kuta nje. Anza na urefu unaogusa tu kuta zote mbili, kisha ongeza nusu milimita. Mara nyingi nyongeza ya milimita moja inafunga ufa wote wa pande mbili, na puti haihitajiki kabisa.

Kikibaki ufa, tazama kama una upana mmoja urefu wote au umekaa kama kabari. Ufa wa milimita 1.5 mbele unaoishia sifuri nyuma unajazwa na kabari, si kwa ukanda wa unene mmoja. Kata ukanda wa shiti ya milimita 1 na mwingine wa 0.5, vigandishe pamoja, visugue mteremko, kisha gandisha kwenye shina la bawa upande wa bawa, vikichomoza juu na chini. Vikikauka, chonga vilingane na umbo la bawa, jaribu, chonga tena. Kazi hii ni ya jioni nzima kwa bawa moja, na hakuna njia ya mkato inayostahili kuandikwa.

Wakati wa kugandisha, weka ndege kwenye kioo, chomeka vitabu au vijiti chini ya ncha za mabawa, na pima kutoka kwenye kioo hadi kila ncha. Vipimo viwili vikilingana, mwinuko uko sawa. Kisha pima kutoka kila ncha ya bawa hadi ncha ya mkia: usawa wa vipimo hivi unathibitisha kwamba bawa moja halijarudi nyuma kuliko lingine. Tepu iliyovutwa kutoka ncha hadi ncha juu ya kiwiliwili itasaidia kubana ufa wa juu gundi ikikauka, lakini ikivutwa sana inainua mabawa, kwa hiyo pima tena baada ya kuifunga.

Injini na mkia

Makasha ya injini yana mshono ndani ya mdomo, pasipofikika baada ya kuunganishwa. Unganisha nusu za kasha, acha zikauke kabisa, kisha zungushia msasa wa 400 kwenye kijiti cha mshikaki na usugue kutoka mbele. Paka uji wa plastiki kwa brashi kuukuu, rudia, paka rangi ya ndani kabla ya kasha kwenda kiwiliwilini. Ukingo wa mdomo ukiwa mnene, ukwangue kwa ndani kwa kisu hadi uwe mwembamba.

Wakati wa kubandika, tazama ndege kutoka mbele ukiwa umefumba jicho moja. Makasha mawili yawe kwenye kimo kimoja, na mstari unaoyaunganisha uende sambamba na mabawa. Yakikaa mshazari, mkia wote utaonekana umepinda hata kama umenyooka.

Mkia mlalo usiugandishe bado. Ukiwa juu ya mkia wima utavunjika kila mara unapopiga msasa mgongoni. Toboa tundu la milimita 0.6 kwenye kila nusu, ingiza waya uliochomoza milimita 6, jaribu ukae, kisha uweke kando hadi baada ya rangi.

Kioo cha marubani kinapachikwa kabla ya rangi. Tumia gundi nyeupe au gundi majimaji kidogo sana. Mvuke wa supagluu unakitia ukungu kwa ndani na hakuna namna ya kuufuta. Kikiwa juu au chini kuliko kiwiliwili kinachokizunguka, sugua vyote kwa pamoja hadi 1000, kisha rudisha mng'ao kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba. Mipaka ya kioo utaipata tena kwa tepu wakati wa kupaka rangi.

Puti, praima, tena puti

Sasa ndipo kopo la puti linafunguliwa. Ya modeli inayochanganyika na maji inafutwa kwa kidole kilicholowa kabla haijakauka, na hilo linakuokoa nusu ya msasa. Puti ya gereji ni imara lakini nzito, inafaa shina la bawa tu. Paka nyembamba, maana ikiwa nene inanywea.

Zungushia msasa kwenye kitu kigumu unaposugua kiwiliwili. Msasa ulioshikwa kwa kidole unaacha bapa juu ya mshono, na bapa kwenye duara jeupe huonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Praima ya kijivu ya kopo inafichua yote. Ijaribu kwanza kwenye fremu tupu, kwa sababu baadhi ya praima za magari zinaila polistairini na kuacha uso wa ganda la chungwa. Puliza nyepesi kutoka sentimita 20 hadi 25, ngoja, puliza tena. Tazama chini ya taa ya pembeni, weka alama kwa penseli kila penye kasoro, jaza, sugua 600, praima tena. Seti hii inadai raundi tatu kwa kawaida. Ikidai tano, ina maana kuna mshono unaochezacheza. Usiupake puti zaidi, ufungue kwa kisu na uumiminie supagluu.

Rangi na dekali

Praima nyeupe juu ya kijivu kabla ya nyeupe yenyewe, la sivyo utapaka matabaka mengi mazito ili kijivu kisionekane. Mombasa, Tanga au Dar wakati wa masika, usipulize asubuhi ya mvua: unyevu hugeuza rangi za laka kuwa za ukungu wa maziwa. Subiri mchana mkavu.

Dekali za zamani zilizogeuka njano zibandike dirishani juani kwa siku kadhaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa; nyingi zinarudi nyeupe. Kabla ya kuzilowesha, zipulize vanishi angavu tabaka moja, halafu jaribu moja usiyoihitaji. Ikipasuka majini, nyingine zote zitapasuka. Za East African itabidi uzinunue pembeni au uzichapishe, na ufuate picha ya ndege uliyoichagua: 5Y ni ya Kenya, 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda.

Magurudumu ndiyo ya mwisho. Yapo kumi: mawili puani, na manne kila upande wa nyuma. Gandisha miguu ya nyuma kwa gundi inayokauka taratibu, simamisha ndege kwenye kioo gundi ikiwa bado laini, na uiache ijitafutie usawa kwa uzito wake. Gurudumu likibaki hewani, sugua wenzake kidogo kwa kuvuta ndege mbele na nyuma juu ya msasa wa 400, mara mbili au tatu, mpaka yote yaguse.